Wingu Nililosema Limezeeka

Binti wa mdogo wangu anafundisha jiografia katika shule moja ya sekondari kule Bunda. Kwetu mtoto wa mdogo wangu ni mtoto wangu, naye tangu alipojua kusema ananiita baba mkubwa. Mwaka jana, shule zilipofungwa, alikuja kunisalimia hapa Nyakato. Alikuwa na mimba ya mtoto wa tatu, tumbo limekwisha kumtangulia mlangoni. Alikunywa chai, akafungua kompyuta yake juu ya stuli, akaniambia, "Baba mkubwa, sogea hapa. Uone ziwa letu walio juu wanavyolionaga."

Ilikuwa video iliyopigwa kutoka kwenye chombo kile ambacho watu wanaishi ndani yake wakiizunguka dunia. Chini yao kulikuwa usiku. Taa za miji zilipita kama makaa yaliyomwagika, halafu zikaisha, likaja giza pana lisilo na kitu. "Ndilo hilo ziwa," akasema. Juu ya giza hilo mawingu yalikuwa yakiwaka kwa ndani, upande huu, kisha upande ule, kama mtu anayepita na tochi chumba hadi chumba katika nyumba iliyofungwa madirisha yote. Anatafuta kitu. Hakuna ngurumo, hakuna upepo. Radi ambayo ukiwa chini yake unamwita mama yako aliyekwisha kufa, kutoka huko juu haina sauti kabisa.

"Inapendeza, eh?"

"Inapendeza," nikasema. Mikono nilikuwa nimeikalia.

Akafungua nyingine, picha ya mchana safari hii, aliyotaka kuwaonyesha wanafunzi wake. Dhoruba moja peke yake, nyeupe, imetandaa kama uji uliomwagika mezani, ukingo mmoja umevutwa na upepo wa juu, na katikati nundu imetoboa utando ikachomoza. Nundu hizo nazijua. Hapo ndipo hewa inapopanda kwa nguvu zake zote, na chini ya hapo hutaki kuwapo.

"Wanafunzi wangu wa kidato cha tatu wanasema ni yai la kukaanga," akacheka. "Na hizi saa za pembeni zinawachanganya kweli. Nawaambiaga, hii ni saa ya dunia, siyo yetu, ongezeni tatu kwanza. Ukisahau, wingu la sasa hivi unaliona la zamani. Au siyo, baba mkubwa? Si wewe ulikuwaga mtu wa setilaiti?"

Nikamwambia nakwenda kuchemsha maji mengine ya chai. Nilisimama jikoni muda mrefu, sufuria iko juu ya jiko ambalo sikuliwasha.

Miaka tisa kabla ya siku hiyo nilikuwa katibu wa mwalo, pale mitumbwi inaposhusha samaki, katika kijiji chetu, kwenye rasi iliyo kusini mwa Musoma. Nilisoma hadi kidato cha nne, na pale mwaloni hiyo ilitosha kunipa ukatibu na funguo za kibanda cha mizani. Watu wa hali ya hewa walipoanza kututumia picha za setilaiti kwenye simu, makatibu tuliitwa semina ya siku mbili katika ukumbi mmoja Mukendo, mjini Musoma. Mwalimu alikuwa mama mmoja mpole mwenye miwani. Alitufundisha kwamba setilaiti inapima ubaridi wa kilele cha wingu. Wingu likipanda sana kilele kinakuwa baridi sana, na pale penye baridi sana picha inapakwa rangi nyekundu. Watu walicheka, maana kwetu nyekundu ni moto. Halafu akaandika ubaoni: saa iliyo kwenye picha siyo yetu, ongeza tatu. Sikuwa nimesinzia. Niliandika kwenye daftari langu na nikapigia mstari.

Naeleza hili kwa sababu siku hizi wapo wanaonihurumia, wanasema mzee hakujua. Nilijua.

Pale mwaloni nikawa mtu mkubwa. Walianza kwa kunitania. "Setilaiti, hebu niangalizie, mke wangu leo kapika nini?"

"Mke wako hayupo nyumbani," nilikuwa najibu, na kina mama wanaoanika dagaa wanaangua kicheko.

Lakini mvua mbili tatu nilizosema zitakuja zilikuja kweli, na utani ukaingia heshima. Wazee waliozoea kulisoma ziwa kwa rangi ya maji wakawa wananiuliza kwanza kabla ya kusema lao. Nililipenda jambo hilo kupita kiasi. Kila mwezi majibu yangu yalizidi kutoka haraka, kwa sababu nilikuwa nimegundua kwamba watu humwamini zaidi anayejibu bila kufikiri.

Mdogo wangu alikuwa seremala. Alikuwa mbishi pia, na hakuna aliyemjua atakayekataa. Aliwahi kubishana na padri juu ya urefu wa mimbari, akatoa futikamba akampima padri mwenyewe, kutoka unyayo hadi kidevu, mbele ya wanakwaya. Ilibainika kwamba fundi alikuwa sahihi, na hilo lilifanya ubishi wake uzidi.

Siku ile, mwezi wa tatu, alikuwa na milango minne ya kanisa la kisiwani, mwendo wa saa mbili kwa mtumbwi wa mashine. Alikuwa anaendesha mwenyewe. Ziwa alilijua tangu utoto. Milango aliisimamisha wima, akaifunga kamba na kuifunika turubai, maana alisema mlango ukilala kwenye maji unapinda kama mlevi.

"Fundi!" mama mmoja mkaanga samaki akamwita. "Milango yote hiyo unawapelekea samaki?"

"Samaki wa kule wamestaarabika, mama. Lazima mpige hodi."

Ilikuwa saa tisa na nusu alasiri. Alipomaliza kufunga kamba alinifuata, akanishika kiwiko, akanipeleka nyuma ya kibanda cha mizani.

"Kaka, tuache utani. Naona jua limefifia. Niende, nisiende?"

Picha ilikuwa imeingia dakika chache nyuma. Niliifungua. Wekundu mkubwa ulikuwa umekaa nchi kavu, juu ya vilima vya Butiama kuelekea Buhemba. Pembeni iliandikwa 12:15.

Kila mtu kwetu anajua kusoma saa ya simu. Simu inaandika kumi na tano, sisi tunasema tisa. Inaandika kumi na mbili, sisi tunasema sita. Unaondoa sita. Hesabu hiyo haisumbui kichwa, macho yanaifanya yenyewe. Macho yangu yaliondoa sita, nikapata saa sita na robo mchana, na nikaishia hapo. Ile tatu ya ubaoni, ile niliyoipigia mstari, ilitakiwa iongezwe kwanza. Sikuiongeza. Picha kuchelewa saa tatu halikuwa jambo la kunishtua, mtandao wetu ulikuwa na tabia hiyo. Niliangalia juu, nikaona utando mweupe umetandaa toka mashariki hadi juu ya vichwa vyetu, umetulia, hauna hata ngurumo.

"Hili limezeeka," nikamwambia. "Ni la saa sita. Limeshamwaga maji yake hukohuko Buhemba. Hicho unachokiona ni makapi yake, yanakufa."

"Una hakika?"

"Sasa unabishana mpaka na setilaiti?"

Akacheka. "Leo sibishi," akasema. "Nakusikiliza wewe, mkubwa wangu."

Nikapunga mkono kuelekea mashariki, kama mtu anayefukuza kuku. Akaenda.

Wingu lile lilipigwa picha saa tisa na robo. Lilikuwa na robo saa tu nilipolisema limezeeka. Kabla ya saa kumi na moja upepo ulitoka nchi kavu, baridi, una harufu ya udongo uliolowa, ndoo zikabingirika hadi majini, na upande wa mashariki ukawa mweusi kama masizi. Nilikuwa chini ya upenu wa kibanda. Nikatoa simu, nikaitazama ile 12:15, na hapo ndipo ile tatu ilipokuja yenyewe, bila kuitwa. Mvua ya mawe ilipoanza kupiga mabati sikuwaza mawimbi. Niliwaza milango. Minne, imesimama wima, inaupokea upepo ule.

Milango miwili ilionekana kesho yake ikielea karibu na kisiwa. Mdogo wangu aliletwa siku ya tatu.

Katika misiba yetu, kabla ya kwenda kaburini, mtu wa mwisho kuzungumza na marehemu husimama akawaambia watu waliagana vipi. Wote walijua ni mimi. Nilisimama karibu na jeneza. Nilikuwa nimekusudia kusema kweli, naapa nilikuwa nimekusudia, lakini nilipoinua macho niliwaona wavuvi wote niliowaambia mwende au msiende kwa miaka miwili, wananitazama. Nikasema, "Nilimwambia asiende. Akabisha."

Watu wakatikisa vichwa. Nani asiyejua ubishi wake? Mkaanga samaki yule akadakia kutoka kwa wanawake, analia: "Hata mimi niliwaona nyuma ya kibanda! Kaka mtu anamwonyesha wingu kwa mkono, anamkataza!" Sikumsahihisha. Mkono aliouona ni ule wa kufukuza kuku. Shemeji yangu, mke wa marehemu, aliacha kulia. Alilitazama jeneza kama mtu aliyetukanwa.

Nilijiuzulu ukatibu mwezi uliofuata, watu wakasema ni kwa huzuni. Nikahamia Nyakato. Simu ile niliacha kuitumia, lakini sikuitupa wala kuifuta picha, na kila baada ya miezi michache niliichaji nikaitazama. Haikuwa kwa ajili ya kujiadhibu. Nilikuwa nikitafuta mtumbwi. Najua setilaiti haiwezi kuuona, na najua picha ilipigwa kabla hajaondoka, lakini nilikuza sehemu ya ziwa mpaka ikabaki miraba mitupu ya rangi. Kisha nikaanza kuota nikiwa huko juu kwenyewe. Ninaliona ziwa zima, ninaiona nundu ikipanda, na ninajua aliko. Namwita. Kama nilivyosema, huko juu hakuna sauti.

Lililo baya zaidi ni jina. Kwetu mtu akifa jina lake hurudi kwa mjukuu, na majina hutoka pande zote mbili, kwa baba na kwa mama. Marehemu asiye na wajina hatulii. Hujisogeza kwenye ndoto za watu mpaka akumbukwe. Lakini jina la aliyekufa kwa ukaidi wake halitolewi, kwa sababu mtoto ataubeba ukaidi huo na kufa nao. Mtoto wa kwanza wa binti yake alipozaliwa, wa kiume, mabibi walipotaja majina, lake lilirukwa. Nilikuwapo, nimekaa kwenye kiti cha mbele kama baba mkubwa. Mtoto wa pili, wa kiume pia, likarukwa tena. Bibi mmoja alisema, "Hilo tuliache, linataka maji," na wengine wakaguna kumwitikia. Mimi niliinamisha kichwa kama mwenye msiba.

Yote hayo yalikuwa pamoja nami jikoni. Na mtoto wa tatu alikuwa sebuleni, tumboni mwa mama yake.

Niliporudi bila chai alinitazama. "Baba mkubwa, unaumwa?"

Nikaenda chumbani, nikaleta simu na waya wake, nikaichomeka ukutani. Tulingoja mpaka ikawaka. Nikamfungulia picha, nikamwambia neno kwa neno tulichosemezana na baba yake nyuma ya kibanda, na neno kwa neno nilichosema msibani. Aliposhika simu aliishika kimwalimu, karibu na macho.

"Saa tisa na robo," akasema polepole. "Lilikuwa ndiyo kwanza linapanda."

"Ndiyo."

"Alikuuliza. Baba aliuliza."

"Aliuliza mara mbili."

Akaiweka simu kwenye stuli kwa uangalifu, kama kitu kinachoweza kumwagika. Alishika tumbo. "Wanangu wawili," akasema. "Wawili, baba mkubwa. Na ulikula pilau ya wote wawili."

Nilitamani anipige. Alifunga kompyuta yake na kusema kesho tunakwenda kwa mama.

Shemeji alirudi kwao Butiama mwaka uleule wa msiba. Tulimkuta juu ya mwamba nyuma ya nyumba, anageuza mihogo aliyoianika. Aliponiona alifurahi.

"Karibu shemeji! Leo umekumbuka masikini? Mbona mmekuja kama polisi?"

Binti akasema, "Mama, kaa."

"Nikae, muhogo utajigeuza?"

Hakukaa. Nilieleza nimesimama, naye akiendelea kugeuza vipande kimoja kimoja, na nilipofika pale mdogo wangu aliposema leo sibishi, mikono yake ilisimama.

"Alisema hivyo?"

"Alisema hivyo, shemeji."

"Yule? Alisema habishi?"

"Ndiyo siku pekee."

Akakaa sasa, juu ya mihogo yenyewe. Kisha akasema, si kwa ukali, afadhali ingekuwa kwa ukali, "Mimi nilikuwaga naenda kaburini kumgombeza. Unajua hilo. Ulinisindikiza. Nilimwambia, wewe mwanaume, umeniacha kwa sababu ya kichwa chako kigumu, hata kaka yako hukumsikiliza. Na wewe ulinishika mkono, ukaniambia, shemeji, msamehe."

Ni kweli. Nilimwambia amsamehe.

"Miaka tisa nimelala na hasira na mtu aliyefanya kama alivyoambiwa. Maneno niliyomwambia pale kaburini, nani atayaokota?"

"Mama," binti akasema, "mtoto huyu akiwa wa kiume—"

"Jina atapewa. Hilo halina mjadala." Akageuka kwangu. "Lakini usidhani umeshamaliza, kwamba umekuja Butiama ukasema na mimi juu ya jiwe. Ulisimama mbele ya watu. Utasimama mbele ya watu walewale, palepale."

Mtoto alizaliwa mwezi wa tisa, wa kiume. Walimpeleka kijijini kwetu kwenye rasi alipotimiza siku arobaini, nyumbani alikozikwa babu yake. Shemeji mwenyewe alikuwa amepita nyumba hadi nyumba akiwaita watu wa siku ile, wale waliobaki hai. Mkaanga samaki alikuja, amezeeka, anatembelea mkongojo. Wavuvi walikuja. Siku ilikuwa tulivu, baada ya misa, na mabenchi ya kanisa yalikuwa yamepangwa uani.

Nilisema. Sikusema vizuri. Nilianza na semina na rangi nyekundu, nikaona watu hawaelewi kwa nini nawafundisha hali ya hewa kwenye sherehe ya mtoto, nikaacha. Nikasema, "Hakubisha. Aliniuliza niende nisiende, mimi nikamwambia nenda. Nilisoma saa vibaya. Halafu hapa, mbele yenu, nilisema uongo."

Mkaanga samaki aliinua mkono wake mwenyewe, akaupunga hewani mara moja, mara mbili, akiujaribu, huku akinikazia macho. Akaushusha mapajani akaanza kulia. Mzee mmoja mvuvi alisimama, akavaa kofia, akaondoka bila kuaga. Kaka yake alikuwa miongoni mwa wale niliokuwa nawaambia mwende. Alirudi salama siku zote, lakini nafikiri mzee alikuwa anahesabu siku hizo upya.

Kisha shemeji akamchukua mtoto kutoka kwa mama yake. Nami niliinuka, kwa sababu baba mkubwa ndiye huongoza kwenda kaburini kumtaja mtoto kwa marehemu. Akanizuia kwa kiganja kilichofunguliwa, bila kunigusa.

"Wewe kaa," akasema. "Hii safari nina maneno yangu na mume wangu."

Akaenda na mtoto, binti nyuma yake, wakapita kwenye migomba. Kaburi halionekani ukiwa uani, ila si mbali. Nilisikia akiliita jina lile kwa sauti, la mtoto na la mumewe kwa pamoja, mara nyingi, na katikati akisema mambo mengine kwa lugha ya nyumbani, taratibu, ambayo sikuyasikia vizuri na hayakuwa yangu kuyasikia. Mtoto alilia kidogo akanyamaza. Uani vijana waligawa chakula. Hakuna aliyenifukuza. Sahani yangu ililetwa, ikawekwa kwenye benchi kando yangu, na watu waliokuwa wamekaa pale wakasogea ili kuipa nafasi, halafu wakasogea tena kidogo.